Dirisha Nyuma ya Magodoro

Mume wangu Davlatmand,

Huku miaprikoti imechanua, kijiji chote kama kinaelea. Jana niliota umerudi kutoka huko kazini ugenini, na theluji mabegani, umegoma kuvua viatu.

Lile deni la harusi yetu, Hokim wa duka hanidai kwa mdomo. Ananisalimia tu, kwa upole unaochoma. Basi nimeshusha godoro la juu kwenye rundo la magodoro ya wageni pale ukutani, nikampelekea, akapunguza deni.

Mama yako akaliona pengo. "We mwanamke! Watu watasema hatuna hata pa kumlaza mgeni!"

"Mgeni gani, mama? Tangu Davlatmand aache kupiga simu, nani kaja hapa zaidi ya Hokim?"

Akaligeukia rundo. Kisha akavuta mawili, aliyoyashona mwenyewe akiwa mwari. "Mpelekee na haya."

Leo asubuhi jua limetupiga usoni. Kumbe nyuma ya rundo kuna dirisha, nilishalisahau! Linatazama barabara uliyoondokea. Mama yako amehamishia mto wake pale, chai inampoa mkononi.

Deni la Hokim tutalimaliza wenyewe. Wewe tunakudai simu tu.

Mkeo,
Savrinisso