Mvua Juu ya Tembe la Mama

Singida mjini,
Jumatatu, jioni.

Kwako mdogo wangu Calist,

Tumsifu Yesu Kristo. Ukiwa umenuna kiasi cha kushindwa kuitikia, basi mkeo Magreth aitikie kwa niaba yako, yeye hana ugomvi na mtu. Habari za hapo Mungaa? Alizeti zimeshika? Na lile goti lako linalouma siku za kulima tu, linaendeleaje? Mimi kaka yako sijambo, ila kitambi kinatangulia kuingia ofisini na vijana wananiita mzee mbele ya wageni.

Ujumbe wako nimeupata. Shikamoo sikuiona, nadhani imedondoka njiani hapo Ikungi, lakini marahaba. Umeandika kwamba mimi ni mchawi wa waya, kwamba nimekubomolea nyumba, na kwamba nikikanyaga Mungaa utanipokea kwa rungu la baba. Mdogo wangu, rungu la baba liko kwangu, nyuma ya mlango. Tafuta kitu kingine. Na kuhusu nani kabomoa nyumba, tuanzie hapo hapo.

Ulimhamishia mama kwako ukamwambia paa la udongo la tembe lake linakandikwa upya, atarudi mvua zikikatika. Macho yake yalikuwa yamekwisha zimika, hakuweza kwenda kuchungulia. Ukalivunja tembe, ukainua fremu za maduka palepale barabarani. Kisha ukanipeleka kwenye kaburi la baba ukaniapisha nisifungue mdomo, eti mama akijua atakufa kwa uchungu. Nikaapa. Mimi ni mtu wa kuapa haraka, hata shemeji yako alinipata hivyo hivyo.

Lakini mama hakunyamaza. Kila alfajiri aliuliza paa limefikia wapi. Ndipo ukaja na wazo lako. Kwa kuwa kazi yangu ni kuwatengenezea watu wa makumbusho nyumba za kale ndani ya kompyuta, nimsikilizishe mama tembe lake, na wewe utamwambia nimelirekodi juzi, lilivyo sasa hivi. Ulitaka hata avae ile miwani mikubwa ya kufunika uso. Calist, kipofu! Magreth alicheka mpaka akamwaga uji, ukamfokea.

Kazi yenyewe unaidharau. Nilipokuja na maputo kuyapasua ndani ya tembe kwa kazi ya makumbusho, kabla hujalivunja, uliwaita majirani waje kuona mtu mzima anafanya bethidei peke yake. Nilikuwa nasikiliza mlio unavyokufa mle ndani. Kuta za udongo humeza sauti. Vijana wangu walikuwa wameipa nyumba mwangwi wa kanisa kuu, mtu akikohoa unadhani askofu ameingia. Nikawarekebisha: anayesema nyuma ya ukuta asikike mzito na wa mbali, mbuzi walio zizini kushoto, ukigeuka nyuma, wahamie sikio la kulia. Jicho unaweza kulihonga kwa rangi. Sikio likikuta kosa dogo tu, linaondoka zake.

Mama alipovaa hedifoni ulikuwepo. Alipapasa hewa akitafuta nguzo. Akawasalimia mbuzi kwa Kinyaturu, hata akamkaripia mmoja wao. Uso ukamlainika, na wewe ukanikonyeza. Kisha mvua ikaanza. Mama akatulia kama mtu aliyeitwa jina. Akauliza ni nani aliyeweka mabati juu ya nyumba yake, kwa sababu juu ya paa la udongo mvua haipigi kelele, utaijua kwa tone linaloangukia sufuriani. Ulisema mashine ni mbovu. Ukanitukana mbele yake, na yeye ukamwambia anaota mchana. Nilinyamaza, kama nilivyoapa.

Ulipokwenda mnadani, Magreth alimshika mama mkono akampeleka mwenyewe hadi pale tembe lilipokuwa. Ameniambia kwa simu kwamba mama alisimama mbele ya fremu zako akapiga makofi. Yakamrudia makali, kutoka kwenye tofali za saruji na milango ya chuma. Akapiga tena. Akasema hapa hajawahi kulala. Hakulia. Aliomba apelekwe Sepuka kwa dada yetu Rahabu, na huko ndiko aliko, wala hataki kusikia jina lako.

Sasa unawatangazia ndugu wote kwamba ni uzembe wa fundi wa mjini asiyejua hata mvua ya tembe inaliaje. Na kwa jinsi ninavyojulikana kwa makosa, wamekuamini, hadi Rahabu. Matusi mengine nimeyameza, lakini hilo la ufundi limenikaa kooni.

Calist, mimi nimelala ndani ya tembe lile kabla wewe hujazaliwa, sufuria la kukinga matone likiwa ubavuni. Mvua yake naijua. Ile aliyoisikia mama niliirekodi chini ya mabati ya fremu zako, siku ile niliyokuambia naenda kununua vocha. Niliiweka kwa mkono wangu, nikaipima mpaka ikakaa sawasawa juu ya kichwa chake. Uliniapisha nisifungue mdomo, sikuufungua. Kati ya yote tuliyomsikilizisha mama siku ile, mvua peke yake ndiyo ilikuwa ya kweli.

Mama amechagua kiwanja hapo kwa Rahabu, na Jumamosi naanza kusimamisha nguzo, mgongo ukinikubalia. Ameagiza kwamba udongo wa paa utabebwa na Calist, kwa kichwa, si kwa mkokoteni. Mvua ya kwanza yeye atakaa ndani, asikilize kama umeupunja.

Msalimie sana Magreth, na umwachie simu yake. Wewe ukija Sepuka, njoo na jembe, na ile shikamoo iliyodondoka Ikungi uiokote njiani.

Ni mimi kaka yako, mchawi wa waya,
Antipasi