Shemeji na Mtu wa Tatu

Shoga, natoka ofisini kwa shemeji, anakouza bima, sasa hivi. Nusura aniuzie mbuzi kwenye gunia!

Nilimuuliza kwa upole: gari langu likiibwa, bima hii inanilipa? Akacheka mbele ya wateja. "Wewe endesha tu, shemeji, kusoma tuachie sisi. Hii ni bima kubwa, inalipa hata wizi."

Bima kubwa! Karatasi aliyonipa imeandikwa "mtu wa tatu". Yaani analipwa nitakayemgonga, mimi nabaki na funguo mkononi.

Nikamrudishia. "Basi nisomee kwa sauti, shemeji. Mimi si dereva tu?"

Akasoma. Alipofika "mtu wa tatu", akaikunja karatasi haraka. Mama mmoja nyuma yangu akauliza, "Na yangu je?" Foleni nzima ikafungua bahasha za bima ilizopewa, kabla ya kulipa.

Niko nje garini. Wameshatoka wanne bila kununua. Siondoki mpaka atoke shemeji mwenyewe.