Santuri ya Baba Inavuma

Jumamosi, Chang'ombe ya Dodoma. Upepo wa kipupwe umeamka kabla yangu, na vumbi limeshaingia hadi kwenye sukari. Sijatulia tangu asubuhi. Mama anafika mchana kutoka Busi, na santuri ya baba bado inavuma.

Niseme ukweli, si mama peke yake anayeisubiri. Baba alikuwa mwitikiaji kwenye bendi ya dansi. Alifariki nikiwa bado wa kubebwa mgongoni. Kwenye santuri hii wanaitikia wanaume wanne, mmoja wao ni yeye, na mimi mwanawe sijui ni yupi. Anayeijua sauti yake ni mama tu, na masikio ya mama yamechoka. Limebaki moja, nalo mpaka umsogelee.

Naogopa kuchelewa. Ndiyo hivyo.

Pleya ya santuri nimeinunua mtumba. Nyuma yake unaning'inia waya mwembamba wa ethi, ule wa kupeleka umeme ardhini, nami nikajifanya fundi. Nikaupitisha dirishani hadi kwenye ile nondo ya ethi iliyochimbiwa nyuma ya nyumba. Mvumo ukazidi. Nikasema, ah, ni ardhi ya Dodoma hii, imekauka. Nani huku hajui kwamba kiangazi ethi humwagiwa maji ya chumvi? Wiki nzima nimeamka na ndoo. Jana mke wangu, Rehema, alisimama mlangoni akaniuliza hicho nilichopanda kitazaa lini.

Sikucheka.

Leo asubuhi, kwa hasira tu, nikaung'oa waya nikaurudisha ndani. Nikaugusisha kwenye skrubu ya nyuma ya amplifaya, kile kikuza sauti kinacholishwa na pleya. Mvumo ukapungua. Nikakwangua rangi chini ya skrubu, nikaukaza waya vizuri, kukawa kimya kabisa. Kumbe ulitakiwa kufungwa pale pale, jirani na pleya, na mimi niko nje nanywesha udongo.

Ikabaki ile mikwaruzo, inaruka kama bisi kwenye sufuria. Hiyo nayo niliitengeneza mwenyewe. Kwa vumbi la huku kila kitu tunakipangusa kwa kitambaa kikavu, basi na santuri nilikuwa naisugua kwa tambara la nailoni, mpaka nikiinyanyua vinyweleo vya mkono vinasimama. Umeme mtupu, na vumbi linaufuata. Nikaipangusa taratibu kwa kitambaa cha pamba chenye unyevu kidogo, nikaiacha ikauke.

Ikatulia, isipokuwa kasoro moja. Kwenye kiitikio kuna sauti inabaki nyuma ya wenzake, kama mwangwi. Nikarekebisha uzito wa sindano. Nikapiga magoti, nikasawazisha meza kwa kipande cha boksi. Wapi! Nikaichukia kasoro hiyo kuliko hata mvumo.

Mama amefika na kuku wake kwapani. Shikamoo, marahaba, hata maji hajanywa akauliza, "Kiko wapi hicho chombo?" Nikamketisha karibu na spika, sikio lake zima likielekea huko. Nikateremsha sindano.

Kiitikio cha kwanza, akasogeza sikio karibu zaidi. Cha pili, akakunja uso na kutazama sakafu. Nikajua masikio yameondoka na baba yangu.

Cha tatu, akainua kidole.

"Huyo. Anayechelewa kuingia. Ndiye baba yako huyo. Hata siku ya harusi tulimsubiri."

Nikairudisha sindano. Akainua kidole tena, pale pale.

Rehema alicheka hadi machozi. Mimi nilitoa machozi tu.

Sasa mama anachambua mchele ukumbini, na mimi bado siwezi kukaa kitini. Nazunguka nyumba nikiitikia kimoyomoyo, nikijaribu kuchelewa kama yeye, na ni kazi kweli. Kipande cha boksi nimekitoa chini ya meza.

Kesho sitengenezi kitu.