Bwana Kwarara Hajarudi Bado

Mpendwa Baba,

Kwenye simu mimi hukujibu kwa Kiingereza, na nadhani unajua sababu. Kwa Kiingereza naweza kusema niko salama, shule iko sawa, nikampa Mama simu na kurudi chumbani kabla sauti yangu haijabadilika. Barua hii nimeiandika kwa Kiswahili cha vile vitabu ulivyonibebea kila ulipotoka Nakuru, kwa sababu Kiswahili hakiniruhusu kumaliza haraka. Mama Divine wa Cabramatta ameniomba niiweke kwenye kundi la wazazi wa darasa letu la hadithi. Kila mmoja wao anakuulizia, nami nimechoka kuwajibu mmoja mmoja kwamba sijui utarudi lini. Mama ameisoma kwanza. Amesema niitume.

Unakumbuka siku hoteli uliyofanyia kazi ilipofunga kumbi zake za mikutano kwa sababu ya korona? Ulirudi kutoka mjini na viatu vyako vyeusi vya kazi ndani ya mfuko wa plastiki, kana kwamba umetoka navyo hospitali. Mama alikuwa zamu kwenye kituo cha wazee. Ulivifuta vumbi, ukavipaka rangi, ukaviweka juu ya kabati, kisha ukaniuliza kama mtu anaweza kupata pesa mtandaoni bila kuwa na kitu cha kuuza. Nilikuwa nasoma. Nikasema sijui.

"Basi tutajua pamoja, Mami," ukasema.

Wazazi wa darasa pengine hawajui kwa nini uliniita Mami. Nilipewa jina la mama yako, kama ilivyo desturi yetu, na tangu nikiwa mdogo ulinisalimia kama unavyomsalimia yeye, nusu utani, nusu heshima. Ulikuwa ukiniomba ruhusa ya kubadilisha kituo cha televisheni. Nilikuwa na miaka saba nikitoa ruhusa.

Kesho yake gereji yetu hapa Quakers Hill ikawa ofisi. Uliweka meza ya kupigia pasi, taa na viti viwili, na tukaanza kumsikiliza yule mwanamume wa kwenye video aliyezungumza akiwa amekaa ndani ya gari ambalo halikuwahi kuondoka. Yeye ndiye aliyekufundisha kusema "mapato ya kila siku". Uliyasema maneno hayo ukipiga mswaki. Tulianza na vifuniko vya simu, na vilipofika tukagundua vyote ni vya simu ambayo watu walishaacha kuitumia. Tukajibu maswali ya kampuni zinazotaka kujua watu wanapenda dawa gani ya meno, hadi moja ikatuuliza tuna mashua ngapi ukacheka ukashindwa kuendelea. Tukapika chapati mbele ya kamera. Mimi ndiye niliyeshika simu, wewe ulizungumza mpaka chapati ya kwanza ikaungua, ya pili ikaungua, na Mama akaingia jikoni na sare yake ya kazi akasimama kutuangalia.

"Baba Wambui, hata kuku hungoja kesho kutaga tena," alisema. "Wewe unataka kulipwa hata kabla ya chai."

"Kuku hana intaneti," ukamjibu.

Sijawahi kukuambia kwamba huo ulikuwa wakati mzuri kuliko wote niliowahi kuishi katika nchi hii ya Australia. Shule ilikuwa imefungwa na sikuhitaji kuingia kantini na sinia langu nikitafuta mahali ambapo hakuna mtu atakayeniuliza kwa nini siongei. Nilikuwa na kiti changu ofisini.

Bwana Kwarara tulimpata stesheni. Tulikwenda kunyoosha miguu, na pale kwenye mapipa ya taka alikuwepo kwarara, yule ndege mweupe aliyechafuka, mwenye mdomo mrefu uliopinda, ambaye watu wa hapa wanamdharau na kumfukuza. Alikuwa amezamisha kichwa chote ndani ya pipa. Akatoa kipande cha mkate, akakikagua, akakirudisha, akaendelea kutafuta. Ulisimama ukamtazama kwa heshima.

"Huyu amejiajiri," ukasema. "Ona, Mami. Anafika kazini kila siku, hana meneja, na hajawahi kukosa mapato."

Njiani kurudi ukaanza kumsemea, kwa sauti ya kupitia puani, kama meneja wa hoteli mwenye mafua. Tulipofika nyumbani alikuwa na tai, mkoba, na mpango wa biashara. Usiku huo sikulala mapema. Asubuhi hadithi ya kwanza ilikuwa tayari, Bwana Kwarara akijaribu kuwauzia pelikani miavuli.

Hivyo ndivyo darasa lilivyozaliwa. Wazazi wote tuliowajua walikuwa wakilalamika jambo moja, kwamba watoto wamefungiwa ndani, wanasikia Kiswahili na kujibu Kiingereza. Ukasema tutawasomea kwa video kila alasiri, mimi niandike, wewe usome, na wazazi walipe kidogo kila wiki. Mimi nilikaa nje ya picha nikikugeuzia kurasa. Ilikuwa biashara nzuri kabisa, Baba. Ilikuwa na kasoro moja tu, ambayo ilikuwa wewe.

Maana kabla ya kumtajia mzazi bei, ilibidi umsalimie. Na wewe hujui kusalimia kidogo. Ulianza na watoto, ukaenda kwa wazee walioachwa nyumbani, mvua imenyesha au bado, yule shangazi mgonjwa ameendeleaje. Nilikaa pembeni nikikuonyesha karatasi niliyoandika PESA kwa herufi kubwa. Ukaitazama, ukaitikia kwa kichwa, ukaendelea kuuliza habari za shangazi. Ukishajua kwamba mtu amefiwa au kwamba zamu zake zimekatwa, bei utaitaja kwa mdomo gani? Kwa Mama Divine mlimalizia kwa sala. Ulipokata simu nikakuuliza kama atalipa.

"Mami, mtu amekueleza habari za kambi ya wakimbizi, mpaka amekutajia watoto aliowazika kule. Wewe ungemwambia nini, alete pesa?"

Kwa hiyo tulisoma bure, na darasa likajaa.

Kisha nyanya, mama yako, akafariki. Ulipata kibali cha kwenda kumzika, ukapata ndege, ukasema wiki tatu. Kwenye uwanja wa ndege hapakuwa na watu, na mkokoteni wetu ulisikika ukilia gurudumu ukumbi mzima. Uliniachia kompyuta na darasa. Mazishi tuliyaona kwa simu, mimi na Mama, tumekaa gereji. Picha ilikuwa ikiganda. Iliganda ukiwa umeinama na udongo mkononi, na kwa muda mrefu hukuudondosha.

Usiku ule ulipopiga ulisema, "Wambui, uko salama?" Nikajibu niko salama. Tangu siku hiyo hujaniita Mami hata mara moja. Nilifikiri ni huzuni na kwamba itapita. Bado nangoja.

Ndege ya kurudi ikafutwa, na ya pili pia. Hapo darasa likawa langu, na mimi, kama unavyojua, ni mtu anayevuka barabara ili asisalimiane na jirani. Nikafikiri nitafanya yale uliyoshindwa. Niliwaandikia wazazi wote ujumbe mmoja, mfupi, wenye siku, saa na bei. Niliukagua tahajia nikaridhika. Alasiri iliyofuata nilifungua darasa nikakuta watoto wawili, na mmoja alikuwa ameingia kwa bahati mbaya.

Mama Divine ndiye aliyepiga.

"Mwalimu mdogo," akaanza, "uko mzima?"

"Mzima, shikamoo." Sisi wa Nakuru hatukuzoea shikamoo, lakini yeye aliitoa kambini Tanzania, na nilijua anaipenda.

"Marahaba. Sasa huo ujumbe aliandika nani? Tulifikiri ni watu wa umeme."

Nilikuwa nimesimama uso ukutani.

"Sikia, binti yangu. Pesa si shida. Baba yako alikuwa anatusalimia robo saa nzima. Hapa nani mwingine ananiuliza juu ya mama yangu? Kazini wananiuliza kama nimenawa mikono. Wewe piga simu, salimu watu. Bei usiseme. Bei nitasema mimi, sina haya."

Baba, nilipiga. Nilikuwa naandika maswali kwenye karatasi kwanza: watoto, wazee, mvua. Kwa mama mmoja nilisoma swali la mvua mara mbili kwa woga, naye akalijibu mara zote mbili. Watoto wakarudi. Mama Divine akawatajia wazazi bei kwa sauti ambayo nasikia iliwanyamazisha, na sasa wanamtumia Mama kila wiki bila kukumbushwa. Si mapato ya kila siku. Yanalipa intaneti na vitabu, na juzi yalimnunulia Mama viatu vya kazi, maana vya kwanza vilikuwa vinaingiza maji. Nilitaka kukuambia hilo kwa simu. Lakini kila ninapofungua mdomo wewe huniuliza, "Biashara iko aje?" na nasikia kwamba unauliza juu ya yako.

Mwaka huu mji ulipofungwa tena, upande wetu tulifungiwa zaidi ya wengine. Helikopta ya polisi inapita juu ya paa. Mama anatoka gizani na kurudi gizani, anavua nguo za kazi mlangoni, anakula amesimama mbali nami kwa kuogopa kuniambukiza. Tumezoea kuongea kutoka ncha mbili za ukumbi. Mchana ni mimi na kompyuta. Nakula chakula changu gereji, kwenye kiti kilekile, na kiti chako sijakisogeza.

Mwezi uliopita uliniambia unauza viatu vya mitumba kwa simu, na kwamba biashara ikishika vizuri utarudi. Uliongeza, kwa sauti ya chini, kwamba mwanamume hawezi kurudi kwa watu wake mikono mitupu baada ya muda wote huo. Nimekua nikisikia watu wetu wakiogopa kurudi Kenya mikono mitupu. Wewe ndiye wa kwanza ninayemjua anayeogopa kurudi Australia hivyo. Nilipokata simu nilijiuliza kama zile ndege mbili ndizo zilizokuzuia, au zilikuzuia mwanzoni tu, kisha ukajizuia mwenyewe.

Sasa wametangaza kwamba wenyeji waliokwama nje wataruhusiwa kurudi bila kufungiwa karantini hotelini. Mama alisikiliza habari hiyo redioni, akaizima, akaanza kuosha vyombo vilivyokuwa safi. Hajakuuliza chochote kwa sababu anaogopa jibu. Mimi pia naogopa, lakini inabidi mmoja wetu aulize.

Kuhusu Bwana Kwarara. Mimi siwezi ile sauti yako. Nilijaribu mara moja nikiwa peke yangu nikasikia aibu mbele ya ukuta. Kwa hiyo nilipoachiwa darasa niliandika kwamba Bwana Kwarara amesafiri ng'ambo kikazi, na hadithi zote tangu hapo zinahusu jirani zake, posamu anayekimbia juu ya mapaa usiku na njiwa wa stesheni. Watoto walikubali. Nilifikiri wamemsahau.

Wiki hii, nilipofunga kitabu, Eliya, mdogo wake Divine, hakuondoka. Unamkumbuka, yule ambaye hakuwahi kutujibu neno moja la Kiswahili. Alisogeza uso karibu na kamera nikaona pua tu.

"Mwalimu, Kwarara atakuya lini?"

Kwa Kiswahili, Baba. Nilishtuka nikasahau kumsifu.

"Sijui, Eliya."

"Kwa nini hakuyi?"

Nikasema, "Bado anatafuta biashara. Anaona haya kurudi bila kitu."

Nyuma yake nilimsikia Divine akimwambia atoke, kompyuta ni yake sasa.

"Mwambie chakula iko huku," akasema Eliya. "Iko mingi, kwa pipa yetu."

Akaenda. Nilikaa pale gereji mpaka Mama aliporudi kutoka kazini akaniuliza, kutoka mlangoni, kwa nini taa imezimwa.

Hilo ndilo nililotaka kukuambia, na sina njia bora ya kulisema kuliko yake. Hatukungojei uje na kitu, Baba. Tukipata viatu vya mitumba tutavivaa, lakini hatujavikosa. Vyako vyeusi bado viko juu ya kabati, navifuta vumbi. Nimeandika hadithi mpya ambayo Bwana Kwarara anashuka stesheni ya Quakers Hill bila mkoba wala tai. Njiwa wanatoka kumwangalia. Anafungua mdomo aseme kitu, na hapo nimeacha nafasi tupu kwenye ukurasa, kwa sababu hayo maneno ni yako na hiyo sauti ni yako.

Ukikubali kuja, usinieleze sana kwenye simu. Sema tu, "Mami, nipe ruhusa nibadilishe kituo." Nitaelewa, na nitakupa.

Kaa salama huko mpaka utakapotoka. Uwasalimie wote, polepole, kama unavyojua wewe.

Ni mimi binti yako, Mami wako aliyebaki.