Nilichosema Kuhusu Udongo wa Alaska

Amherst, Jumapili alasiri. Oktoba inaishia.

Upepo unatoka ziwani tangu nilipoingia mji huu ninakosoma, na mvua inayonyesha inakaribia kuwa theluji. Nimefika kutoka Louisville, nikilala njiani kwa dada yangu anayeishi Gahanna, Ohio. Begi bado liko mlangoni. Koti sijavua. Uso wangu sijui niuweke wapi.

Jana nilimcheka baba yangu mbele ya watu.

Kiangazi chote nilikuwa Alaska, ndani kabisa milimani, mahali ambapo huwezi kufika ila kwa ndege ndogo. Nasomea udongo, na kijiji kimoja cha huko kilitaka kujua ni wapi panafaa kwa bustani na wapi panafaa kujenga. Nilikuwa nachimba mashimo, nanusa, nafinyanga udongo kwa vidole, napima. Siku moja nilimtumia Baba picha ya shimo. Udongo mweusi ti, na juu yake mimea laini iliyotanda kama godoro.

Baba alizaliwa Burundi, juu ya kilima ambacho sasa wanalima watu wengine. Mimi nilizaliwa katika kambi ya wakimbizi, Kigoma, ambako kulima nje ya kambi kulikuwa kosa. Leo anapakia maboksi ghalani, Louisville, mtaa wa South End, na nyuma ya nyumba ya kupanga ana tuta moja la lengalenga, mchicha wa kwetu. Mtu kama huyo ukimwonyesha udongo mweusi, hapati usingizi.

Basi jana akawaalika wenzake wa kanisani waje kunikaribisha. Mama alipika mbuzi. Watu walipokwisha kula, Baba akasimama, picha ile ikapita mkono kwa mkono kwenye simu yake.

"Binti yangu amekanyaga ardhi hii," alisema. "Nasikia huko ardhi ni tele na watu ni wachache. Sisi ni wakulima, tunazeeka tukipakia maboksi. Kwa nini familia chache tusiende tukalime? Goreti atatuonyesha pa kuanzia."

"Amina," akaitikia Mzee Bosco, rafiki yake tangu kambini.

Nikacheka. Kicheko cha kurusha kichwa nyuma. Kisha nikawageukia vijana nikasema, kwa Kiingereza, kwamba Baba akitaka kulima barafu aende tu, maana kule hakioti kitu. Vijana wakavunjika mbavu. Wazee wakabaki kutazamana, wakingoja mtu awaeleze kinachochekesha. Mama ndiye aliyetafsiri, polepole, macho yake kwenye sahani.

Baba aliichukua simu yake, akakifuta kioo kwa shati.

"Asante, mwanangu. Umetuokoa na safari ya bure."

Akaketi. Kisha akaniongezea nyama.



Na kinachonitafuna zaidi ni kwamba sikusema kweli. Ni kweli sehemu kubwa haifai. Weusi ule ni majani ya miaka na miaka yaliyoshindwa kuoza kwa baridi, una uchachu mwingi, na chini yake ardhi imeganda kiangazi na masika. Ukiondoa ile mimea ya juu, barafu inayeyuka, ardhi inatitia, nyumba inapinda. Lakini kando ya mto, kwenye mteremko unaotazama kusini, jua linapiga karibu siku nzima, maji hayatuami, na barafu iko mbali chini. Hapo nilikuta bibi mmoja wa kijijini akivuna viazi vikubwa kama ngumi. Nilikula viazi vile! Nayajua haya kuliko mtu yeyote aliyekuwa sebuleni pale, na nikayatupa ili vijana wacheke.

Asubuhi hii, Gahanna, nilimsimulia dada yangu Yvonne nikidhani atanihurumia. Aliendelea kumsuka binti yake.

"Wewe unafikiri Baba anahama?" akaniuliza. "Na magoti yale? Mama aliniambia tangu wiki iliyopita anajizoeza yale maneno. Alitaka watu wasikie kwamba mtoto wake anaijua ardhi. Alikuwa anakusifu, Goreti."

Nilitoka nikakaa ndani ya gari. Nikampigia.

"Baba, nimekukosea. Nilikucheka, na nilisema uongo."

Nikasikia redio, kisha akaizima.

"Uongo upi?"

Nikamweleza yote, mteremko, mto, jua, yule bibi.

"Kwa hiyo viazi vinakubali."

"Vinakubali. Na kabichi."

"Mahindi?"

"Hapana, Baba. Kiangazi ni kifupi mno."

"Maharage?"

"Hayawezi kukomaa."

Akashusha pumzi. "Bila maharage! Basi hiyo si nchi ya Mrundi." Akacheka, nami nikalia, usukani mikononi, gari limezimwa.

Nikamwambia nitarudi Jumamosi nimwombe msamaha mbele ya watu wale wale.

"Msamaha nimeshakupa," alisema. "Lakini Bosco tangu jana ananiuliza, inakuwaje pawe na barafu na picha inaonyesha udongo mweusi, na mimi sina jibu. Njoo umweleze."

Njia nzima kutoka Ohio nimekuwa nikijaribu kueleza kwa sauti, peke yangu. Kwa Kiingereza inatiririka. Kwa Kiswahili nakwama katikati ya sentensi, na kwa Kirundi nakosa hata pa kuanzia. Miaka yote hii nimesomea ardhi kwa lugha ambayo baba yangu haijui, na sikuwahi kuliona hilo kuwa tatizo.

Nitaenda hata kama theluji itafunga barabara za huku. Nitakaa chini na Mzee Bosco, nami nikikosa neno, nitamuuliza Baba.