Kisu Chini ya Bugaluu

Jumamosi, jioni. Ukungu umeshuka tangu asubuhi na bado umelala juu ya Karatina kama mgeni aliyeambiwa karibu akaamini. Hasira yangu imepoa. Dharau bado iko moto, kwa hivyo niandike kabla haijapoa nayo.

Binamu yangu Ndiritu hupeleka viazi Nanyuki. Huko anawaona wale askari wazungu wanaokuja kufanya mazoezi, na kila anachokiona kwa askari anakitaka. Kwanza ilikuwa miwani ya giza. Halafu akaanza kutembea kama anakagua gwaride. Majuzi amerudi na ukanda wa kufungia kisu mguuni, akauvaa leo chini ya bugaluu lake jipya, suruali ambayo mdomo wake unaweza kumeza kuku.

Leo, siku tuliyokwenda Kianyaga kumposea mwanangu Kariuki.

Na huyo Ndiritu ndiye tuliyemchagua awe msemaji wetu. Ana sauti. Hana kingine.

Sisemi kufunga kisu mguuni ni kosa. Mimi ni mchunaji ngozi pale kichinjioni, na kisu changu kidogo hukaa mguuni kila siku ya Mungu, kwa sababu mchunaji huinama kutwa na kisu cha kiunoni humdunga tumbo. Lakini mguu una adabu yake. Kisu hukaa upande wa nje, pale shavu la mguu linapoanza kupungua, si juu ya mfupa. Mpini juu, ncha chini, ndani ya ala ya ngozi ya mbuzi iliyolainishwa kwa mafuta. Soksi nzito iwe katikati ya ala na mguu. Cha kufungia ni kipande cha tyubu ya baiskeli, maana tyubu hunyumbuka mguu unapovimba. Kidole kipite chini yake bila kugombana. Ukivaa hivyo, jua likianza kupanda umeshasahau kama unacho.

Ndiritu alikuwa amekifunga mbele, juu ya muundi, kwenye ngozi tupu, akakaza mpaka mishipa ikasimama.

"Legeza kidogo," nilimwambia kabla hatujaondoka.

"Baba Kariuki, wewe jua mambo ya ng'ombe. Hii ni ya komando."

Komando wa viazi.

Tulipofika Kianyaga ilibidi tupande kilima kati ya kahawa mpaka bomani kwa kina Wanjiru, binti tuliyekuja kumposa. Komando alikuwa anachechemea. Mwenyeji mmoja akamuuliza kama ni baridi ya mifupa. Akajibu ati ni barabara yao mbaya. Fikiria: umekuja kuomba binti wa watu, na unaanza kwa kutukana barabara yao.

Tukaketi. Tukaombewa. Tukanywa uji. Ukafika wakati wa msemaji wetu kusimama aeleze tumekuja kutafuta nini. Ndiritu akasimama, lakini mguu wake ulikuwa umekufa ganzi kitambo. Ulikataa. Akaenda chini mzima mzima, akaangukia mapajani kwa nyanya yake Wanjiru, bugaluu likapanda mpaka gotini, na kile kisu kikawa kinamwangalia cucu wa watu puani.



Kwetu mwanamume haendi penye mbuzi bila kisu chake cha kulia nyama. Hilo kila mtu anajua. Lakini hukifunga kwenye gazeti, hukitia mfuko wa koti, na akifika hukiweka juu ya majani ya ndizi watu wakione. Kisu kilichofichwa si cha nyama.

"Hii ndiyo msemaji yenu?" cucu aliuliza, huku akimsukuma. "Na akitaka kuongea kwa nguvu huwa anatoa nini, panga?"

Baba yake Wanjiru ni mtu wa maneno machache. Aliyatumia yote pale.

"Kisu ya mguu ni ya watu ya kuiba ng'ombe. Sasa mniambie. Ni huyu peke yake ama kuna mwingine? Kama ni mmoja, huo ni ujinga yake. Kama ni wawili, hiyo ni tabia ya nyumba yenu, na mbuzi irudi kwa zizi."

Kariuki akaniangalia usoni. Akaangalia mguu wangu wa kulia. Halafu akaanza kusoma mabati ya dari.

Hapo ndipo nilipokumbuka. Nilikuwa nimekifunga alfajiri kwa mazoea, na kilikuwa kimekaa vizuri, hakina neno.

"Ni huyu peke yake," nilisema.

Wakaridhika. Ndiritu akavuliwa kisu chake, akapewa kigoda karibu na mlango. Mbuzi akachinjwa. Kisha baba yake Wanjiru akanigeukia kwa heshima kabisa: "Tunasikia wewe ni fundi ya ngozi. Tuchunie."

Nikasema kisu changu nimekiacha nyumbani, ni siku ya furaha. Wakaniletea cha jikoni, cha kumenyea viazi, butu kama mahubiri ya mchana. Nimechuna ngozi tangu ujana wangu na sijawahi kutoboa ngozi mbele ya watu. Leo nimeitoboa kama chujio. Vijana wa boma wakawa wanaulizana: "Huyu ni mchunaji ama ni panya?" Na kutoka kwenye kigoda, ile sauti tuliyoichagua:

"Pole pole, Baba Kariuki! Usikaze mkono! Legeza kidogo!"

Nilimeza. Mwanangu anataka kuoa.

Tulipomaliza kula, Wanjiru akapita na birika na beseni tunawe. Nilikuwa nimechuchumaa, suruali imepanda, sina habari. Alipofika kwangu hakusimama mbele kama kwa wengine. Alizunguka akasimama ubavuni, akatandaza leso yake kati yangu na macho ya baba yake, akamimina maji taratibu sana.

"Baba," akasema chini chini, "vuta suruali. Baridi inaingia."

Nikavuta. Akaenda kumnawisha Ndiritu na hakumwangalia hata mara moja.

Wamekubali. Tutarudi na mbuzi wengine baada ya mavuno. Kariuki anaimba huko nje kama redio iliyoharibika, akidhani leo amepata msichana mpole.

Nimeishi katika boma hili nikiwa mjanja peke yangu, na nilikuwa nimezoea. Kesho baada ya kanisa nitamkalisha mwanangu nimwambie asithubutu kumdanganya yule binti, hata kwa jambo dogo, hata akiwa ameapa na uso umetulia. Akiniuliza nimejuaje, nitavuta suruali nimwambie baridi inaingia.