Jua Lilipopatwa, Nami Nikanyamaza

Alhamisi, Temeke. Joto tangu alfajiri, mbinguni hakuna hata wingu.

Namwonea wivu Mwalimu Eliya. Basi, nimeshaliandika.

Kwa miaka sita mie ndiye niliyekuwa mwalimu pekee wa shule yetu ya makuti. Kisha akaletwa Eliya, kijana wa bara, mpole, na watoto wakahamia kwake wote. Tulipotangaziwa kwamba leo asubuhi jua litapatwa, mie niliwaandikia maelezo ubaoni. Yeye jana alikuja na taa ya chemli, chungwa na ndimu. Taa ndiyo jua, chungwa ni dunia, ndimu ni mwezi. Akaipitisha ndimu katikati polepole mpaka kivuli chake kikaangukia chungwa.

Mtoto mmoja akauliza mbona basi jua halipatwi kila mwezi. Eliya akaiinua ndimu kidogo, kivuli kikapita juu bila kuligusa chungwa.

“Njia ya mwezi imeinama,” akasema. “Mara nyingi kivuli chake hutukosa.”

Jioni binti yangu Somoe alimwonyesha mama yake yote hayo kwa ndimu ya jikoni. Akasema Mwalimu Eliya anajua kila kitu.

Lakini kuna jambo Eliya hakulisema: kwamba jua lililomegwa huunguza macho kama jua zima. Nililigundua palepale darasani. Ningeweza kumnong'oneza. Sikumwambia, nikitaka wazazi waje wamlaumu.

Leo watoto walijipanga uani, nyuso juu. Jua likaanza kuliwa upande mmoja. Nilisimama mlangoni nikiwatazama, na Somoe alikuwa mstari wa mbele.

Nilikaa kimya hata hapo.

Alipoanza kufikicha macho ndipo nikapata sauti. Niliwaamuru wote waingie ndani, watazame sakafuni. Mwanga unaopenya matundu ya makuti, ambao siku zote huwa madoa ya duara, ulikuwa umegeuka miezi michanga, mamia kwa mamia, mpaka kwenye mabega yao. Kila tundu lilikuwa linachora sura ya jua lililobaki. Watoto walitulia kabisa. Eliya alichuchumaa, akakinga mmoja kiganjani.

Watoto walipotoka, jua likiwa zima tena, Eliya alinijia.

“Kaka, tangu jana ulijua kwamba linaumiza macho?”

“Nilisahau,” nikamjibu.

Akanishukuru kwa kuwaokoa watoto. Akasema yeye hakujua, na kwamba angeniomba nimfundishe zaidi. Hakuwa na kinyongo hata chembe, na hilo nalo nikamwonea wivu.

Somoe anaona doa la kijani kila akifumba macho. Anasema linapungua. Sijui kama ni kweli au ananituliza mie baba yake.

Asubuhi, kabla ya kengele, nitamwambia Eliya kwamba sikusahau. Naandika ili nisipate pa kukimbilia. Ila mbele yake, ulimi huu utakubali?